Joho la Tatu Halikuonekana

Karakana ya Mavazi
Tarehe 2, mwezi wa tatu

Mdogo wangu Domo,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo ili unilainishe. Mimi mzima. Vidole ndivyo vimetobolewa na sindano kama kichungi cha chai. Shangazi aliyetulea mpe salamu zake kwanza, kabla hujatia kitu mdomoni.

Makopo tisa yaliyokuja na barua hii ndiyo ile filamu niliyoishonea miaka miwili, Mlinzi wa Daraja. Hadithi yake ni ile ya kale, ya zama za mapanga, iliyokuwa kwenye kitabu cha picha cha marehemu baba. Mfalme anavuka daraja na jeshi lake, wanaume wamevaa chuma toka utosini mpaka kisigino, halafu anamwambia mlinzi, "Asipite mtu mpaka nirudi." Wewe ulikuwa unasinzia hapo hapo kila siku, kwa hiyo yaliyobaki utayaona ukumbini kwako.

Sasa sikiliza. Filamu ni ya saa tatu na dakika kumi, na inakwenda taratibu kweli kweli. Tajiri aliyeigharamia anataka kukata dakika arobaini za katikati. Mwongozaji amekataa. Wamegombana mpaka vikombe vimevunjika. Mwisho wamekubaliana hivi: kumbi tano ndogo ziionyeshe nzima kwa wiki sita. Watazamaji waandike maoni yao kwenye kadi, na mwenye ukumbi ahesabu waliobaki mpaka mwisho. Watu wakikaa, filamu inabaki nzima. Wakikimbia, mkasi.

Na hizo dakika arobaini ni mimi, Domo. Mlinzi ana majoho saba, toka ujana mpaka uzee. La tatu mpaka la sita yote yamo humo. La tatu nililisugua kwa jiwe siku tisa. La tano nililizika ardhini mwezi mzima, nikalifukua kama kaburi. Yakikatwa, mlinzi atakuwa kijana, ukipepesa macho tayari ana mvi, na kazi yangu itabaki sandukuni ikiliwa na nondo.

Nimepigania ukumbi wako uwe kati ya hizo tano. Usiongeze chumvi. Na itazame yote mwenyewe kwanza.

Dada yako


Ukumbini
Tarehe 9, mwezi wa tatu

Dada,

Shikamoo hata kama umeshaipokea. Mimi mzima kama jiwe la kusagia.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Ukumbi umefurika, dada! Umefurika mpaka mende wamehama kwa kukosa nafasi. Nilichora bango mwenyewe, rangi nyekundu debe zima: VITA! NGAO MIA MBILI! DAMU MPAKA MAGOTINI! Watu wamepanga foleni toka mlangoni mpaka kwa muuza mkaa, naye muuza mkaa akaingia, akaacha mkaa ujiuze.

Ile sehemu ya vita ndiyo imewamaliza. Mzee mmoja alirusha kofia juu, mpaka sasa hajaipata. Mama mmoja alizimia, tukampepea, alipozinduka akauliza, "Mlinzi ameshinda?" Tukamwambia ameshinda, akazimia tena kwa furaha.

Nakutumia kadi arobaini za maoni. Arobaini! Mpe huyo Tajiri wako azisome akiwa ameshika kitu, asianguke.

Shangazi anakusalimu toka kwenye dirisha lake la tiketi. Anasema ana neno la kukuambia, ila nimemwambia karatasi imekwisha.

Mdogo wako,
Bosi, Mkurugenzi na Mfagizi wa Ukumbi


Karakana ya Mavazi
Tarehe 15, mwezi wa tatu

Domo,

Filamu haina vita.

Haina. Hata panga moja halichomolewi. Ngao mia mbili zinapita darajani dakika ya kumi, zinakwenda zake, hazirudi. Kazi ya saa tatu zote ni mtu mmoja kusimama.

Mimi mjinga, bahasha yako sikuifungua. Niliona imenona, nikaikimbiza ofisini kwa Tajiri nikiwa natabasamu kama bibi harusi. Akachomoa kadi, akaisoma kwa sauti mbele ya mwongozaji, wapiga picha, wote: "Vita ilikuwa kali sana, njoo wewe na familia yako, watoto nusu bei." Akachomoa nyingine. "Vita safi, viti safi, njoo wewe na familia yako." Domo, ni mtazamaji gani anayeandika maoni halafu anatangaza bei ya watoto?

Chumba kizima kilicheka. Tajiri hakucheka. Alisema, "Kama watu wenu wanaona vita isiyokuwepo, basi hakuna aliyetazama." Nilirudi karakana nikakaa katikati ya majoho, sikuweza hata kutia uzi kwenye sindano.

Na habari nyingine ni mbaya zaidi. Kumbi mbili zimerudisha makopo. Ya tatu wanasema watu wanatoka kabla ya nusu. Ya nne paka ndiye aliyebaki mpaka mwisho. Umebaki wewe tu, na zimebaki wiki nne.

Sikukuomba unipambe. Nilikuomba utazame.

Dada


Ukumbini
Tarehe 21, mwezi wa tatu

Dada yangu,

Shikamoo. Hii naiandika nimepiga magoti, na si utani, kiti kimevunjika.

Njia ya mwongo fupi, yangu haikufika hata kona. Nakueleza ukweli wote, na Shangazi amekaa hapa pembeni ameshika mwiko kuhakikisha.

Siku ya kwanza ukumbi ulijaa kweli, kwa sababu ya bango. Saa kumi jioni Fundi Taa akawasha mashine. Mfalme akapita, ngao zikapita, watu wakapiga mluzi: leo ndiyo leo! Baada ya hapo mlinzi akasimama. Akasimama. Nusu saa nzima, dada. Mtu akauliza toka nyuma, "Jamani, huyu analipwa kwa siku au kwa mwezi?" Mwingine, "Picha imekwama! Fundi, ipige kofi!" Fundi Taa akajibu toka dirishani kwake, "Haijakwama, tazama mawingu yanatembea!" Yule akasema, "Nimelipa kutazama mawingu? Nje yapo bure!"

Joho la tatu lilipotokea mama mmoja aliyebeba mtoto akasimama akamfokea mlinzi: "Baba, mfalme amekufa! Nenda nyumbani, watoto wanakungoja!" Saa mbili zilipotimia walikuwa wamebaki tisa, na hao tisa walibaki ili wanipige. Walisema subira huvuta heri, hii imevuta usingizi tu. Mimi nilijificha chumba cha mashine, chini ya meza, Fundi Taa akanifunika kwa koti. Shangazi ndiye aliyewatuliza. Aliwaambia, "Mkimuua nani atawafagilia?"

Kadi niliandika mwenyewe usiku mmoja. Na filamu sikuwa nimeitazama, dada. Niliona ngao, nikajiambia, ngao mia mbili bila vita? Nani ananunua masufuria mia mbili asipike?

Lakini jana tumeitazama. Mimi, Shangazi na Fundi Taa, watu watatu kwenye viti mia mbili na themanini. Shangazi alikuwa anachambua mchele. Joho la nne lilipotokea akaacha. Akasema, "Hiyo kola ameigeuza mwenyewe, ndani nje. Mshono wa mwanamume asiye na mtu." Nikamwambia ni wewe uliyeshona. Akasema, "Najua. Nilimfundisha mimi kushona vibaya kwa makusudi, siku tulipotengeneza sare yako ya shule ionekane kuukuu usiibiwe."

Mwisho wake sikuujua, dada. Yule bibi kizee anapomwambia mfalme alikufa mwaka ule ule wa kwanza. Mto umeshahama zamani, chini ya daraja ni mchanga, watu wanapita pembeni na punda wao. Na yeye anashukuru, anakunja joho la saba, analiweka kwenye ukuta wa daraja, halafu anavuka yeye. Mara ya kwanza. Kuna vumbi jingi sana ukumbini, nikafikicha macho mpaka yakauma.

Sasa nimepata akili. Tajiri anataka watu waliobaki mpaka mwisho, siyo? Hakuna mtu anayetoka akiwa amelala! Jirani zetu ni maghala. Kila asubuhi walinzi wanatoka zamu wamechoka, nyumbani kwao kuna watoto, redio, majirani wanatwanga. Mimi nina giza, nina feni, nina filamu isiyopiga kelele. Nimefuta lile bango, nimeandika jipya: NJOO ULALE. SAA MOJA NA NUSU ASUBUHI. BEI YA KIKOMBE CHA CHAI.

Nakuwekea humu kadi kumi na moja za kweli za siku ile ya kwanza. Soma ukiwa peke yako. Ile inayosema "farasi ameigiza vizuri kuliko mfalme" ndiyo nzuri kuliko zote.

Mdogo wako mkosefu


Karakana ya Mavazi
Tarehe 25, mwezi wa tatu

Domo,

Yaani nimpelekee Tajiri idadi ya waliolala?

Nimecheka mpaka nimejichoma sindano, halafu nimelia kwa sababu ya sindano, halafu nikaendelea kwa sababu nyingine. Nimekusamehe, ila nusu. Nusu nyingine naiweka mpaka nione mwisho wake.

Kadi kumi na moja nimezipeleka. Safari hii nilisoma kwanza. Mwongozaji amebandika ya farasi ukutani. Tajiri alisema tu, "Angalau hizi zimeandikwa na watu."

Usihesabu waliolala. Nakusihi.

Dada
(Mwambie Shangazi sikusahau ile sare.)


Ukumbini
Tarehe 3, mwezi wa nne

Dada, dada, dada!

Shikamoo mara tatu. Naandika haraka, mkono unakimbia kuliko akili, kama kawaida.

Hawakulala!

Ngoja nianze mwanzo. Siku ya kwanza wamekuja walinzi saba, na marungu yao na tochi zao na makoti makubwa. Mkubwa wao ni mzee mmoja wanamwita Kamanda, analinda ghala la saruji mwaka wa ishirini na sita sasa. Wakanunua tiketi, wakachagua viti vya nyuma, wakavua viatu. Nikasema safi, hawa watakoroma mpaka wiki ijayo. Mmoja akauliza, "Bosi, hii picha ina bunduki? Nisishtuke." Nikamwambia, "Baba, hii hata mlango haugongwi."

Nikaenda kunywa uji. Narudi, naona wote saba wamehamia mstari wa mbele! Peku. Nikadhani viti vya nyuma vina kunguni. Nikanyata, nikasikia wanavyonong'ona.

"Umeona? Amehamisha uzito."

"Mguu wa kulia umekufa ganzi. Wangu unakufa saa ile ile."

"Tazama mkuki alipouegemeza. Upande usio na upepo. Huyu anajua kazi."

"Mbona hajakaa? Mimi ningekaa."

Kamanda akasema, "Ungekaa ndiyo maana uliibiwa mabati."

Wakacheka kidogo. Joho la tatu likaja, lile lenye kiraka bega la kushoto. Mmoja akasema, "Hapo ndipo mkuki unapokaa. Tazama bega langu." Akavua koti, dada, akaonyesha. Kiraka mahali pale pale! Umejuaje wewe? Hujawahi kulinda hata kuku!

Katikati kabisa, pale ambapo hakuna kinachotokea kwa dakika saba, mvua tu inanyesha, kijana wao akauliza, "Sasa wa kumpokea zamu yuko wapi?"

Kamanda akajibu, "Hana wa kumpokea."

Wakaitazama mpaka mwisho.

Taa zilipowaka nikaenda na kadi. Kamanda alishika kalamu muda mrefu, akaandika mistari miwili. Nakunukulia: "Miaka ishirini na sita nalinda, hakuna aliyewahi kukaa chini akanitazama nikifanya kazi. Leo nimejiona, na kumbe ni kazi kubwa." Nikaisoma, nikajifanya nakwenda kuangalia feni.

Kesho yake walikuja kumi na mbili. Jumatatu kumi na tisa. Kumi na tisa wanaingia, kumi na tisa wanabaki mpaka mwisho, na wengine wanarudi mara ya tatu, ya nne. Wanaitazama kama wanavyotazama geti. Wana ubishi wao: kunguru anayetua darajani ni mmoja au wawili? Wamegawanyika makundi, hawasalimiani.

Kadi zote hizi hapa, kila moja na mwandiko wake, nyingine zina mafuta ya taa. Sijaongeza hata nukta.

Mdogo wako,
Bosi, na sasa nimenyooka


Karakana ya Mavazi
Tarehe 8, mwezi wa nne

Mdogo wangu,

Nimezisoma kadi kwa sauti karakana nzima. Fundi wa chuma aliyegonga ngao zote mia mbili, mtu mgumu kama kazi yake, aliomba arudiwe ile ya Kamanda. Kiraka cha bega nilikitoa kwa mpagazi mmoja sokoni, nilimfuata asubuhi nzima mpaka akadhani nataka kumwibia.

Ila Tajiri haamini. Amesema, "Huyo mdogo wako tunamjua. Juzi aliona vita, leo ameona walinzi." Usikasirike, umejipalia makaa mwenyewe. Amesema nakala yenu itakuwa imechakaa, atawatumia makopo mapya. Ninyi yapokeeni, muonyeshe kama kawaida. Zimebaki siku tisa.

Domo, nakuamini. Naandika hili usije ukalikosa.

Dada


Ukumbini
Tarehe 14, mwezi wa nne

Dada,

Shikamoo. Kuna wizi umetokea, na polisi hatujaita kwa sababu polisi walikuwa ndani tayari, yaani wale walinzi.

Makopo mapya yalifika juzi. Yalikuwa saba, si tisa. Mimi nikadhani safari hii wamekunja vizuri. Fundi Taa akayapima kwa mkono akasema, "Bosi, haya mepesi." Nikamwambia, "Mapya ni mepesi, ya zamani yana vumbi." Ndiyo elimu yangu hiyo, dada, usinicheke.

Jana asubuhi tukafungua. Walinzi kumi na tisa, Shangazi dirishani, na mgeni mmoja wa miraba minne, viatu vinang'aa mpaka unajichania nywele. Alilipa akakataa chenji. Nikajua huyu si wa maghala. Akakaa mstari wa mwisho.

Mfalme akapita. Joho la kwanza. Joho la pili. Halafu mlinzi akageuza kichwa, na alipokirudisha ana mvi na joho la saba!

Kamanda akasimama. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kazini: "Washa taa. Kuna kitu kimeibwa hapa."

Ukumbi mzima ukasimama. "Funga milango, asitoke mtu." Wawili mlangoni, wawili kwenye dirisha la choo, mmoja akapanda juu kwa Fundi Taa kuhesabu makopo. Dada, hawa watu wakifanya kazi yao ni raha kutazama! Mgeni wa viatu akaja mbio mlangoni, anasema ana haraka.

"Hutoki, mzee," kijana akamwambia kwa adabu.

"Unajua mimi ni nani?"

"Sijui, na zamu yangu hainitaki nijue. Kaa hapo."

Akakaa. Shangazi akampelekea maji akamwambia, "Tulia mwanangu, kama hujaiba huna shida." Akayanywa yote.

Kamanda akatoa kitabu chake cha matukio, kile wanachoandika kazini, akaandika mbele ya wote. Kila mmoja akawa anataja alichokikosa, na wengine wanathibitisha. Walipomaliza wakataka shahidi asiye wa kundi lao, nikawaonyesha mgeni. Kamanda akamsomea yote, taratibu, akimtazama usoni. Mgeni akasikiliza. Akauliza swali moja tu: "Kiraka bega gani?" Watu kumi na tisa wakajibu pamoja, "La kushoto!" Akatia sahihi, tukamfungulia, akaondoka bila kuaga.

Nakala hii hapa, nimeinakili herufi kwa herufi:

RIPOTI YA TUKIO
Mahali: Ukumbi wa sinema. Muda: saa moja na nusu asubuhi. Filamu huisha saa nne na dakika arobaini. Leo, kwa hesabu ya makopo, ingeisha saa nne kamili. Dakika arobaini hazijulikani zilipo.
Mali iliyopotea: Joho la tatu, lenye kiraka bega la kushoto, halikuonekana. La nne, lenye kola iliyogeuzwa, halikuonekana. La tano na la sita pia. Mvua moja, ndefu. Kunguru, mmoja au wawili, mjadala unaendelea. Miaka ishirini ya mlinzi.
Hali ya mlango: Haukuvunjwa. Aliyeiba ana ufunguo. Ni mtu wa ndani.
Maoni ya walinzi: Mlinzi huyu ni mwenzetu. Alisimama, tulimwona. Ukiondoa muda aliosimama umemfanya mzembe, na yeye si mzembe. Mali irudishwe mahali pake.

Dada, mnajua huko nani kachukua? Nimtume Kamanda aje?

Mdogo wako


Karakana ya Mavazi
Tarehe 19, mwezi wa nne

Domo wewe!

Yule mliyemfungia ndani ni Tajiri!

Ngoja nipumue. Makopo saba ni yeye. Alikata filamu kwa siri, hakumwambia hata mwongozaji, akawatumia, akaja mwenyewe kukaa nyuma ahakikishe kwamba hakuna atakayejua. Na nyie mkamkalisha kitini, mkampa maji, mkamsainisha kosa lake mwenyewe!

Alirudi hapa akajifungia ofisini siku moja nzima. Jana katuita wote. Mwongozaji alikuja amenuna, tayari kwa msiba. Tajiri akasimama na ile ripoti uliyonitumia mkononi, akasema, "Nimewekwa chini ya ulinzi na watu kumi na tisa." Tukadhani anatania. Akaisoma yote. Alipofika "aliyeiba ana ufunguo" akausoma mstari huo mara mbili, akaendelea.

Halafu akasema, nakupa maneno yake yenyewe: "Mimi nimelipia hilo joho na sikujua lina kiraka. Wale wamelipa bei ya kikombe cha chai, na wanajua bega." Akaniita mbele. Akaniomba nimwonyeshe. Nikalitoa joho la tatu sandukuni nikalitandaza mezani, na mtu yule mzima akainama akaweka mkono juu ya kiraka kama anapima homa ya mtoto.

Filamu inatoka nzima, Domo. Nzima! Dakika mia moja na tisini, hakatwi hata kunguru. Mwongozaji alinibeba juu juu, na mimi si mwepesi. Fundi wa chuma akagonga ngao mpaka jirani wakaja kuuliza kuna nini. Sijawahi kushinda kitu maishani, sikujua mtu anakaaje, nikakaa tu sakafuni nacheka.

Onyesho la uzinduzi litakuwa kwako, si kwenye ukumbi mkubwa wa mjini. Tajiri ndiye aliyeamua. Mimi siwezi kuja, tumeanza kazi nyingine na nimepewa karakana yote niiongoze. Makopo tisa yako njiani. Kuna jambo limeongezwa mwishoni kabisa, baada ya mlinzi kuvuka. Sikuambii. Mwambie Shangazi asiondoke mapema kwenda kufunga dirisha lake.

Ile nusu nyingine ya msamaha, chukua.

Dada yako


Ukumbini
Tarehe 28, mwezi wa nne

Dada yangu, fahari yangu,

Shikamoo, na safari hii naitoa nimesimama wima.

Bango nimeandika hivi: FILAMU NDEFU. MTU ANASIMAMA. WALINZI WAMEKAGUA. Basi! Na watu wamekuja, dada, kwa macho yangu, bila chumvi: viti mia mbili na themanini na wengine ngazini. Hata wale tisa waliotaka kunipiga wamekuja. Mmoja akaniambia, "Leo nikilala nakupiga kweli." Yule mama wa mtoto naye yupo. Walinzi wakaketi mstari wa mbele, wamevaa sare safi, marungu wameacha kwa Shangazi.

Nusu saa ilipofika, sauti ikatoka nyuma, "Mbona hafanyi kitu?" Kamanda hakugeuka. Akasema, "Anafanya. Tazama mguu." Na watu wakatazama mguu! Mguu ulipohama, ukumbi mzima ukasema, "Ahaa." Toka hapo ikawa kama mpira. Joho la tatu likatokea, ukasikia minong'ono, "Kiraka hicho, kiraka hicho!" Kunguru akatua, ubishi ukaanza mpaka Shangazi akatishia kuwatoa. Mvua ikanyesha dakika zake zote saba na hakuna aliyekohoa. Bibi kizee alipoleta habari ya mfalme, yule mama wa mtoto akasema kwa sauti, "Si nilimwambia?" akaanza kulia. Mlinzi akavuka, na watu wakapiga makofi kila hatua, wakimhesabia mpaka akafika ng'ambo.

Watu wakaanza kuinuka. Walinzi hawakuinuka. Kamanda akasema, "Zamu bado haijakabidhiwa. Kaeni." Wakakaa.

Giza likaja. Halafu maandishi meupe, peke yake, hayana jirani: Majoho saba yameshonwa na, halafu jina lako. Jina lako lote, dada, na la baba. Kubwa kama mlango.

Mimi nikanyamaza. Andika hilo mahali, mimi nilinyamaza.

Shangazi, ambaye unajua hajasoma, akauliza, "Hapo pameandikwa nini?"

Nikamsomea.

Akasema, "Rudisha."

Nikamwambia, "Shangazi, filamu hairudishwi." Fundi Taa naye akapiga kelele toka juu kwamba mashine haipendi. Shangazi akasimama katikati ya ukumbi na kitambaa chake kichwani, akasema, "Mwambie mashine ni mimi niliyemlea. Rudisha." Na ukumbi mzima, walinzi, muuza mkaa, wale tisa, wakaanza kugonga viti: "Rudisha! Rudisha!"

Fundi Taa akazungusha kwa mkono. Jina lako likarudi. Shangazi akanishika mkono akanifanya nimwonyeshe herufi moja moja kwa kidole toka kule tulipo, hii ndiyo ya kwanza, hii ndiyo ya baba. Likapita. Wakagonga viti tena.

Tumelirudisha mara tatu, dada. Mara ya tatu Shangazi alilisoma mwenyewe, kwa sauti.

Mdogo wako